Jino Langu Halitang'olewa

Jumatatu, 2 Juni 1958

Balaa! Mwalimu Ndung'u ametangaza kwamba Ijumaa dresa, yule msaidizi wa daktari, atatoka Thika kuja kukagua vinywa vya darasa letu la saba. Atakayekutwa na jino bovu, linang'olewa papo hapo. Nina gego bovu. Na Jumapili nimepangiwa kuimba peke yangu kanisani, mbele ya Ruiru nzima! Nikivimba shavu, ataimba Kagwe, maana ndiye wa pili. Kagwe huyo hupiga mswaki kila siku kwa kijiti. Mimi hupiga Jumapili. Siku nyingine shavuni mna kipande cha sukari guru kutoka paredi ya asubuhi mpaka chakula cha mchana.

Hatauimba wimbo wangu. Naapa.

Jumanne, 3 Juni

Nimeziba shimo kwa nta ya mshumaa. Safi kabisa! Nilijitazama kwenye kioo cha baba nikajipongeza. Kisha mama akamimina chai. Nta iliyeyuka nikaimeza yote. Maumivu yalinitoa machozi, nikamwambia mama ni moshi. Akaniamini, akahamisha jiko nje.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimeamua kusafisha meno ya miaka saba kwa siku moja. Mkaa na chumvi, nyuma ya darasa, mapumziko yote. Fizi zikatoka damu, meno yakawa meusi tii. Mwalimu aliuliza nimekula nini. Darasa zima likacheka, isipokuwa Kagwe. Yeye alinieleza polepole kwamba mkaa husagwa kwanza, na hutumiwa kidogo kidogo. Sipendi mshindani mwenye huruma.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata! Baba hana meno sita ya chini. Kwao Ujaluoni, kando ya ziwa, vijana wa umri wangu waling'olewa kwa mila, na kulia ilikuwa aibu. Mimi nilibatizwa mapema, nikaachwa na meno yangu. Basi nitamwambia dresa kwamba sisi Wajaluo jino letu haliguswi ugenini. Ni mpaka nyumbani, kwa mkono wa mzee wa ukoo. Dresa wa Thika atajulia wapi mambo ya kwetu? Nimefanya mazoezi ya uso wa huzuni mpaka mama akaniuliza nani amekufa.

Ijumaa, 6 Juni

Dresa anaitwa Nicanor. Mpole, koti jeupe. Nilifunga mdomo, nikainamisha kichwa, nikamweleza mila yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akatabasamu.

Chini hamna kitu. Meno sita hayapo!

Akaniuliza kwa Kijaluo huo ni ukoo gani, maana angependa kuujua. Nikazidi kuinamisha kichwa. Akasema tu, "Haya, kijana, kaa hapo. Fungua."

Nilipiga yowe mpaka darasa la pili wakatoka nje kuangalia. Aliyenishika kichwa ni Kagwe. Alikuwa akirudia, "Pole, Dalmas. Ngoja kidogo tu. Imeisha, imeisha." Haikuwa imeisha.

Jumapili, 8 Juni

Shavu limevimba, jicho la kulia limebaki mstari. Kagwe ameimba. Niliomba asahau ubeti wa tatu. Hakusahau. Mama alilia kwa furaha, mama yangu mwenyewe!

Jioni baba akaja kukaa nami mlangoni. Nilijua atanicheka, maana mayowe yangu yamefika mpaka Mugutha. Hakunicheka. Aliniambia kwamba siku yake ya kung'olewa ilipofika alikimbia, akajificha kwenye shamba la mtama siku tatu. Mama yake ndiye aliyemrudisha. Alilia hadi wajomba wakageuza nyuso. Hajawahi kumwambia mtu, hata mama. Nilimtazama baba yangu, nyapara anayeogopwa na shamba zima la kahawa, nikamwona mtoto kwenye mtama. Nililia kidogo. Si kwa sababu ya jino.

Akaniomba jambo moja tu: likiuma lingine, nimwambie siku hiyo hiyo, asubuhi au usiku. Nikamwahidi. Nilimaanisha kwa moyo wote.

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi nilikunywa maji ya mtungi. Jino la juu, kushoto, likanichoma mpaka kisogoni.

Baba alisimama mlangoni akienda kazini. Aliuliza kama kuna lingine linalouma. Alikuwa ameshaomba ruhusa kwa mwenye shamba, anipeleke Thika leo mwenyewe, atanishika mkono.

Nikamwambia hakuna, baba, mengine yote ni mazima. Alifurahi sana. Alinishika bega, akaenda zake akipiga mluzi.

Dresa atarudi Agosti. Nina miezi miwili mizima ya kufikiri.