Geti la Noti Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa kwaya amenifedhehesha. Jumapili tunamkumbuka marehemu mke wangu, mwaka mzima tangu atutoke. Mwalimu amemtungia wimbo, na noti tisa za mwanzo ni za besi peke yake. Nikasimama kuzidai. Mgane ni nani, kama si mimi? Akasema ataanzisha anayesoma noti, si anayepiga kelele. Majaribio Alhamisi. Shemeji, kaka wa marehemu, akainamisha kichwa kwa upole. Anasoma noti tangu utotoni. Karani! Viganja laini kama mkate. Mimi nimejenga nyumba kwa kuchomelea mageti, wala sikusomeshwa na mtu.

Jumanne, 5 Machi
Nimeikagua karatasi. Kumbe ni mistari mitano tu! Huu si wimbo, ni grili. Mwanzoni kuna alama kama sikio, na vitone viwili vinavyoukumbatia mstari wa nne kutoka chini. Hapo ni fa. Ukipanda, so, la. Ukishuka, mi, re, do. Ngazi hiyo. Nani ashindwe na ngazi?
Ila karatasi inanisinzisha. Nimechomelea geti jipya la uani: nondo tano za kulala, pete tisa, kila pete mahali pa noti yake. Sikio nimeliacha. Kukunja nondo kwa ajili ya pambo ni hasara. Nondo ya nne nimeipaka rangi nyekundu, inatosha.

Jumatano, 6 Machi
Geti limesimama. Uso mzuri nje, kama kazi inavyotaka. Makovu ya kuchomelea ndani, ambako hakuna mteja. Nimekunywa chai uani nikiziimba pete kutoka kushoto kwenda kulia. Fundi cherehani wa jirani akauliza, kutoka upande wa pili wa ukuta, kama nimefiwa tena. Nikamwambia ni mazoezi. Akasema pole vilevile.
Marehemu alizoea kusema sauti yangu ni bawaba isiyotiwa grisi. Alisema hivyo akicheka, huku akinimiminia chai. Siku hizi najimiminia. Haikolei.

Alhamisi, 7 Machi
Majaribio. Shemeji kaimba kama mtu anayesoma barua ya benki. Zamu yangu ikafika. Karatasi sikuitazama hata mara moja! Noti zote tisa, kifua mbele. Nikajua nimewamaliza. Mwalimu akavua miwani.
“Mzee,” akasema, “noti zote ni zenyewe. Ila umeanzia ya mwisho ukaishia ya kwanza.”
Safu nzima ya sauti ya kwanza ikacheka. Njama, bila shaka.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja jioni. Hakupiga hodi. Nilimsikia tu akiimba kutoka barabarani: noti tisa, polepole. Nilikuwa uani, kikombe mkononi. Sikujua wimbo ule ni mzuri hivyo. Chai ikapoa.
Nikafungua. Alikuwa akilitazama geti.
“Shemeji, umeliandika vizuri,” akasema. “Ila wa kulisoma ni mpita njia. Wewe unalisomea mgongoni.”
Akanisihi nitoke nje tulisome pamoja. Keshokutwa tuanzishe wote wawili, dada yake angefurahi, mwalimu ameshakubali. Kuanzisha nikakubali. Kutoka nje nikakataa. Mtu mzima asimame barabarani kuliimbia geti lake mwenyewe?

Jumamosi, 9 Machi
Nimelitatua! Alfajiri nimelishusha geti, nikalipindua miguu juu, bawaba nikazihamisha. Sasa nikikaa uani pete zinaanzia kushoto, sawa na karatasi. Ya kwanza ni ya kwanza. Nimehakikisha.
Dosari moja ndogo: nondo nyekundu imeshuka, imekuwa ya pili kutoka chini. Kanuni inasema ya nne. Rangi hukosea, hesabu haikosei. Nimeikwangua nyekundu, nikaipaka ile ya nne.
Nimeimba kutwa. Wimbo umebadilika kidogo: palipopanda sasa panashuka, unaishia chini kabisa kama mtu aliyetumbukia kisimani. Nadhani ndiyo huzuni aliyoikusudia mwalimu, na shemeji hakuiona. Fundi cherehani ameleta pole nyingine. Safari hii kaja mwenyewe, kofia mkononi.
Kesho nitaimba kwa nguvu zote, shemeji asisikike kabisa. Marehemu atanijua tu, hata akiwa mbali.