Tamko la Ukaazi wa Chumba cha Mke Wangu

Ifahamike kwa wenye nyumba wote, wenye akili na wasio nazo, kwamba wakubwa wamegundua kwa nini watu hawana pa kulala. Ni sisi, tunaoacha vyumba vikae bure. Kwa hiyo kila mwaka mwenye nyumba atatoa Tamko la Ukaazi: chumba kipi kina mtu, kipi hakina. Kisicho na mtu kinalipiwa kodi ya utupu, na anayeshindwa kulipa anawekewa mpangaji. Mimi shule niliishia njiani, lakini hata mimi niliona kwamba hapo ubongo umetumika.

Mkaguzi alikuja kwangu, kijana mwenye viatu vilivyochongoka. Akafungua chumba cha cherehani.

"Mzee, humu anakaa nani?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Basi hayupo." Akaandika. "Pole, lakini. Kodi utaiweza?"

"Dawa zake zilinishinda, hiyo ndiyo nitaiweza?"

"Jiandae na mpangaji, basi. Na hiyo cherehani uitafutie pa kwenda."

Cherehani hiyo sijaigusa tangu alipoiacha, uzi bado umo kwenye sindano.

Nikaenda kukata rufaa kwa Mkuu wa Idara ya Utupu. Nilimkuta sekretari wake akikata kucha kwa utulivu wa kitaifa.

"Dada, Mkuu yupo?"

"Yupo. Koti lake si hilo kwenye kiti?"

"Koti naliona. Yeye je?"

"Baba, koti likiwepo, Mkuu yupo kikazi. Ametoka kimwili tu."

Nilikaa na lile koti mpaka wakafunga ofisi. Halikunitukana, halikuniomba chochote. Kiongozi mwadilifu kama huyo sijapata kumwona.

Nilirudi nyumbani nikatundika gauni la mke wangu kwenye kiti cha cherehani. Mkaguzi alipomleta mpangaji, fundi redio na mizigo yake, nikawaambia chumba kina mtu, ametoka kimwili tu.

"Mzee, unanitania?"

"Nikutanie wewe, mwanangu? Utaratibu huo nimeutoa kwa Mkuu wenu."

Akavimba. Akaandika palepale, akagonga muhuri: chumba chochote chenye nguo bila mtu ni kitupu, apewe mpangaji.

"Chochote?" nikamuuliza.

"Chochote. Sheria haichagui."

"Basi kipo kingine, kikubwa kuliko hiki. Kina feni."

Fundi redio kusikia feni, alikuwa ameshabeba mizigo. Mkaguzi alipojua tunakoelekea alianza kutafuta maneno, lakini muhuri wake mwenyewe ulikuwa bado haujakauka. Sekretari aliusoma, akalitoa koti kwenye kiti, akarudi kwenye kucha zake. Jioni ofisi ya Mkuu ilikuwa inakoroma redio saba zisizoshika stesheni.

Sasa Mkuu anazunguka mitaani na koti mkononi, maana bila ofisi hatambuliki hata na mlinzi wa getini. Juzi akabisha hodi kwangu, kwa adabu ambayo sikujua anayo.

"Mzee wangu, nasikia una chumba."

"Pole, mheshimiwa," nikamwambia. "Kina mtu."