Ombi la Kuandikwa Rangi ya Kijani Daima

Kituo cha Polisi,
Daraja la Shorkhel.

Mheshimiwa Mkuu wa Wakufunzi wa Kigeni,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Sajini Ghulam Sakhi, mwenye askari kumi na mmoja na daraja moja la kulinda. Watu wako hutupima kwa rangi: nyekundu kwa wasiojua kitu, njano kwa wa katikati, kijani kwa hodari. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Kila miezi sita huja mkufunzi mpya. Siku ya kwanza anatukuta wekundu, hata kama mwenzake alituacha kijani wiki iliyopita. Siku ya kuondoka, ajabu, tunakuwa kijani tena. Nimehitimu somo la kushika bunduki mara saba, na nilianza kuishika kabla sijaota ndevu.

2. Mkufunzi akifika tunamchinjia kondoo, akiondoka tunamchinjia mwingine, maana hapa mgeni haagwi tumbo tupu. Wamekwisha kumi na watano. Aliyebaki ananitazama vibaya.

3. Mkufunzi wa nane, Kapteni Henrik, ni mtu mwema. Hata chai anakunywa bila kutazama saa. Ila alipotuandika wekundu, mpishi wetu, Baba Toryalai, alimuuliza: "Mwanangu, mama yako alikununulia kalamu moja tu?" Kapteni alicheka, akaendelea na kalamu ileile.

4. Lori letu. Tukiwa wekundu tunanyimwa mafuta, eti tutayapoteza. Tukiwa kijani tunanyimwa, eti tunajitegemea. Mwezi uliopita askari wangu Zmarai alipigwa risasi mguuni, tukamsukuma kwa mkokoteni saa tano nzima hadi hospitali. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Kwa hiyo naomba tuandikwe kijani kwa wino usiofutika. Ikishindikana, wakufunzi wakae miaka kumi, waoe hapa, nasi tuwapime. Kapteni nimeshampima: kwa chai ni kijani, kwa lugha njano, kwa kusikiliza nyekundu.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na mama yake Kapteni.

Wako mtiifu,
Sajini Ghulam Sakhi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Kapteni ameingia mbio. "Sajini, hongera! Mmekuwa kijani, na safari hii ni moja kwa moja!" Kumbe Alhamisi mnaondoka nyote, na helikopta zenu. Mheshimiwa, nakusihi, tuandike wekundu. Bunduki tunazishika kinyumenyume, na daraja lenyewe hatujui liko wapi. Kondoo wa kumuaga Kapteni nimemficha kwa shemeji yangu, na sitasema ni shemeji yupi.