Kushoto Tu Hadi Ufaransa

Ijumaa, 3 Machi 1978. Riyadh

Leo nimeuona mto. Ukutani, lakini nimeuona.

Musyu Armand, mhandisi wetu Mfaransa, alitualika kwake baada ya sala, mimi na Dismas, akatuwashia mashine yake ya picha. Mto Loire! Maji yanakwenda kama mtu asiye na tajiri wa kumwita. Miti mirefu imejipanga ukingoni. Mizabibu imepanda vilima kwa mistari kama nywele zilizosukwa. Na katikati ya yote hayo Musyu mwenyewe juu ya baiskeli, mkate umechungulia kapuni.

Kila kiangazi hufanya hivyo. Asubuhi huendesha polepole, mchana hulala majanini, jioni hufika kijiji kingine. Nilihisi kifua kinafunguka. Mimi mtu wa Unguja. Mito yetu mtu huvuka bila kuvua viatu. Hapa kazi yangu ni kuchora mabomba ya maji, na maji yenyewe siyaoni.

Musyu akasema mwaka huu angependa kupata mwenzake wa safari. Kwao iko baiskeli ya pili, na kampuni itampa mtu huyo tikiti ya likizo ya Paris badala ya kwao. Akauliza nani kati yetu anajua kuendesha. Dismas, mpima ardhi wetu kutoka Bukoba, ambaye tunakaa chumba kimoja mtaa wa Shumaisi, akasema anajua kidogo. Kidogo! Nikasema mimi nilikuwa bingwa wa mbio za Mkokotoni hadi mjini.

Sijapata kupanda baiskeli maishani mwangu. Lakini kaka yangu alikuwa nayo, na damu ni moja.

Jumapili, 5 Machi

Dismas lazima aondolewe njiani. Kwa upole.

Nimemwambia Musyu, kwa masikitiko makubwa, kwamba Dismas ni mtu mwema ila ana udhaifu wa mvinyo. Akimpitisha kwenye mashamba ya zabibu hatamtoa penye pipa la kwanza. Musyu akang'aa uso! Akasema mtu anayejua mvinyo ndiye hasa anayemtafuta. Akamwita Dismas papo hapo. Dismas akasema mvinyo hajawahi kuuonja, ila babu yake alikuwa akitengeneza rubisi ya ndizi. Akaeleza ndizi zinavyoivishwa shimoni, zinavyokanyagwa kwa majani, harufu yake asubuhi. Alieleza kwa mapenzi mpaka Musyu akafumba macho. Kisha Musyu akanigeukia akauliza kwetu tunakunywa nini. Nikasema sharubati ya ukwaju.

Akamgeukia tena Dismas.

Jioni Dismas akanishukuru kwa kumsemea vizuri kwa mkubwa. Akanipikia ndizi. Nilizila kwa uchungu. Zilikuwa tamu sana.

Ijumaa, 10 Machi

Siku ya majaribio. Musyu katupeleka Wadi Hanifa, nje ya mji, na baiskeli tatu nyuma ya pikapu. Bonde bila mto: kokoto, mitende, kuta za udongo zilizochoka. Dismas akapanda, akatokomea. Musyu naye akapanda. Mimi nikabaki nimeishika yangu kama mbuzi wa kuchinjwa.

Musyu akarudi kuniuliza mbona sipandi. Nikaona mambo yameharibika. Mdomo ukasema wenyewe: mahali pazuri kama hapa mimi sipapiti juu juu, kwanza napatembelea kwa miguu, pakishanijua ndipo napanda.

Aliiangalia mitende. Kisha akashuka.

Tukakokota baiskeli pamoja chini ya mitende mpaka karibu na adhuhuri. Njiwa wanalia. Mahali fulani pampu inavuta maji, na udongo ulioloa unanukia kama mvua ya kwetu. Mwisho Musyu akasema miaka yote ametafuta mtu anayeelewa maana ya polepole, na leo amempata. Dismas aliporejea, jasho linamtiririka, alionekana mtu wa pupa tu.

Nimechaguliwa mimi! Kilichobaki ni jambo dogo la kujua kuendesha.

Jumanne, 14 Machi. Ndani ya basi

Ubalozi wao uko Jiddah, kwa hiyo naenda kuomba viza, na ofisi imenipa michoro niipeleke tawi la huko. Musyu kashikilia nichukue na baiskeli, nisije nikalegea misuli. Iko juu ya paa, imefungwa kamba. Baiskeli imepanda basi. Mimi sijapanda baiskeli.

Jangwa linapita dirishani. Nikilegeza macho kidogo, mchanga unakuwa maji. Najiona nimevaa kofia ya majani makavu. Bibi mmoja wa Kifaransa ananipungia kutoka shamba la zabibu. Nampungia kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika usukani, bila shaka yoyote.

Mke wangu, Samia, anakaa kwa wazee wake Sharafiya, hukohuko Jiddah, mpaka nipate nyumba Riyadh. Nimemwambia nakuja kwa mambo ya ofisi. Si uongo. Musyu ni wa ofisi.

Alhamisi, 16 Machi. Jiddah

Ubalozini wamepokea pasi bila maneno. Nyumbani maneno yalikuwepo.

"Haidar, baskeli hii ya nani?" Samia kaniuliza tukiwa uani.

"Ya ofisi."

"Na wewe unaifanya nini, na hujui hata kuisimamisha ukutani?"

Nikamweleza yote. Mto, mizabibu, mkate kapuni. Nilieleza vizuri, nadhani. Yeye anakunja nguo tu.

"Likizo ya mwaka huu tulisema ya nani?"

"Yetu."

"Na mie mto nimeshauona? Au huo ni mto wa wanaume?"

Akaweka nguo chini, akakusanya pindo la dira lake, akapanda baiskeli. Samia! Akalizunguka tangi la maji, akazunguka tena, kisha akaachia mikono yote miwili, anafunga ushungi huku anakwenda! Mke wangu wa miaka mingi, na sikujua. Baba yake alimfundisha utotoni kwao Unguja, Mwembetanga, ndani ya ua, watu wasione.

"Njoo nikufunze," akasema. "Usende ukafia ugenini, watu wakasema una mke na hakukwambia kitu."

Jumamosi, 18 Machi

Masomo yanakwenda vizuri sana. Uani watu huzunguka tangi kwa upande mmoja, kwa hiyo nimejua kukata kushoto. Kulia nitajifunza hukohuko Ufaransa. Kusimama bado, nasimama kwa kukumbatia nguo zilizoanikwa. Mama mkwe ameihamisha kamba ya nguo.

Lakini alasiri ya leo! Jua limelala ukutani, asumini inanukia, Samia anakimbia nyuma ameshika kiti. Nikamwambia asiniachie. Nikageuka: yuko mbali, mkono kiunoni, anacheka. Alikwishaniachia zamani. Nilikuwa naelea. Wallahi, kwa muda ule sikuitamani Ufaransa hata kidogo.

Kisha nikaingia kwenye banda la kuku.

Samia kanitaka nimwambie Musyu ukweli kabla ya Ijumaa, yeye na Dismas watakapokuja Jiddah kikazi. Nimeapa nitamwambia. Nitamwambia tukifika Loire, siku ya hali ya hewa nzuri.

Ijumaa, 24 Machi

Musyu kafikia kwa rafiki yake, mtaa wa Rawdah. Barabara pana, majumba makubwa, asubuhi hakuna gari. Akasema leo bingwa wa Mkokotoni apande, bonde lilishamjua.

Nikapanda! Nikaenda! Musyu akapiga makofi. Mbele yangu ikatokea raundabauti, na raundabauti za nchi hii, alhamdulillahi, huzungukwa kwa kushoto. Nikaizunguka kwa heshima. Tatizo ni kutoka. Kutoka kunataka kulia.

Nikazunguka tena. Nikapita mbele yao nikawaamkia. Musyu akapunga mkono, amefurahi kuona mtu asiye na haraka. Nikapita tena nikasema hali ya hewa nzuri. Nikapita tena sikuwa na la kusema. Dismas ndiye aliyeelewa. Akaanza kukimbia kando yangu.

"Bwana Haidar, bana breki!"

"Ipi?"

"Mkononi, ndugu yangu! Mkononi!"

Nikabana. Ya mbele peke yake. Mji mzima huu unajengwa, kila nyumba ina lundo la mchanga mlangoni, nami nilitua ndani ya mojawapo kwa kichwa. Dismas akanivuta kwa miguu. Akanifuta mchanga masikioni, taratibu, kama mama.

Musyu akauliza nilijifunza lini kuendesha. Mchanga ulikuwa umejaa mdomoni, sikuweza kupanga kitu kingine, ukweli ukatoka: wiki hii, kwa mke wangu. Hakukasirika. Alicheka mpaka akakaa chini ukingoni mwa barabara. Kisha akasema kwa upole kwamba barabara za bonde la Loire hupita malori. Dismas ndiye atakayekwenda.

Dismas akaniuliza kama nina kinyongo. Nikasema sina. Ninacho. Nilimwombea mvua kidogo tu, siku moja moja.

Jumapili, 26 Machi. Taif

Nilipomweleza Samia hakusema nilikwambia. Alifunga sanduku. Akasema basi la Riyadh si linapita Taif, na huu si ndio msimu wa mawaridi.

Tumeshuka. Bonde kati ya milima, hewa baridi, mashamba ya mawaridi ngazi kwa ngazi, na mizabibu ya wakulima imeanza kutoa majani. Mzee mwenye shamba alikuwa anamjua baba mkwe, akaturuhusu kupita njia ya ndani. Samia akakaa kwenye karia ya baiskeli, nami nikakokota. Mfereji mwembamba unapita kando yetu, upana wake kama mkeka. Samia akaniomba nisimame, akatia mkono majini.

"Ndio mto huu?"

Nikasema ndio. Akautazama sana. Akasema unamtosha.

Akaniomba jambo moja tu: nisidai tena kujua nisichokijua. Nikaahidi, na machozi yalinilenga. Anarudi kwa wazee wake kuaga, na Alhamisi ya wiki ijayo anakuja Riyadh. Nimeshapata vyumba viwili.

Jumanne, 4 Aprili. Riyadh

Mtu mpya kabisa. Nimetulia. Nimeridhika.

Leo kafili wetu, Abu Fahad, mwenyeji anayetudhamini kukaa nchini, alipita ofisini. Ana kipanga wa kuwindia, na wakati huu wa joto ndege hubadilisha manyoya na hutaka mtu mwenye uzoefu wa kumlea. Akauliza kama yupo. Nikaliona jangwa alfajiri, rangi ya asali, mimi nimesimama juu ya kilima, ndege mkononi, upepo unapeperusha kanzu. Nikasema ukoo wetu ulifuga vipanga tangu enzi za masultani.

Ndege kaletwa. Yuko mbele yangu sasa, juu ya kabati. Dismas amehamishia godoro lake kwa majirani. Nimejizungushia taulo mkononi na kusema yalla, njoo. Hakuja. Nyama haitaki. Anatazama sikio langu la kulia.

Samia anafika keshokutwa. Nitamwambia ni kuku, wa aina ya huku.