Kisilu Aenda Uingereza kwa Injini Moja

Mwaka ule wa tisini na tano, Kisilu wa mtaa wa Komarock, Nairobi, alikwenda Uingereza karibu kila jioni, na hakuwahi kushuka kwenye kreti ya soda aliyoikalia nje ya duka la Bi Kibibi.

"Tunatoka Nairobi, tunalala Entebbe," angesema, kidole kikitembea juu ya ramani aliyoitandaza kwenye gunia la maharagwe. "Khartoum tunatia mafuta. Luxor tunakunywa chai. Tunavuka bahari, Krete hiyo, Italia hiyo, Ufaransa hiyo, halafu hodi kwa malkia!"

"Kwa kindege cha injini moja?" aliuliza Nzivo, shemeji yake. Nzivo alikuwa dereva wa lori, na aliwahi kupelekwa Mombasa kwa ndege mara moja tu, safari aliyoisimulia mpaka watoto wa mtaa wakaijua kwa moyo. "Na hiyo injini ikizima?"

"Shemeji, wewe una roho ngapi?"

"Moja."

"Na si umefika hapa?"

Watu wakacheka, Nzivo akanywa soda yake kwa hasira.

Sasa tuseme ukweli. Kisilu alikuwa karani wa kampuni moja ndogo ya ndege pale uwanja wa Wilson. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya abiria: huyu Lamu, huyu Kisumu, huyu Mara. Yeye mwenyewe, mahali pa juu kabisa alipowahi kufika ni paa la nyumba yake, siku aliyopanda kurekebisha antena ya televisheni. Alitaka kuruka, jamani! Alitaka mpaka akisikia ndege inapita anaacha kijiko hewani.

Basi Kapteni Aloo, rubani wa kampuni hiyo, akapata kazi ya kupeleka kindege kilichouzwa kwa daktari mmoja wa Uingereza. Viti vya nyuma viling'olewa, pipa la mafuta likafungwa mahali pavyo, na akatakiwa mtu mmoja wa kukaa mbele, ashike ramani na kusukuma pampu ya mafuta kwa mkono. Mafuta mengi namna ile yaliacha nafasi ndogo ya binadamu. Kapteni akazunguka hanga nzima ya ndege akikagua watu viuno.

"Kisilu, una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane, Kapteni."

"Basi ni wewe. Lakini nisikilize. Ukipita sitini, unabaki. Sitaki kutumbukia baharini kwa sababu ya tumbo lako."

Habari hiyo ilipofika Komarock ilikuwa imeshavaa suti na tai. "Kapteni alitafuta kichwa," Kisilu alitangaza. "Wanaojua kurusha ndege wamejaa pale. Lakini mtu wa kuisoma dunia nzima kwenye karatasi? Wapi!" Habari ya kilo aliimeza. Mwanamume na ndevu zake atauambiaje mtaa kwamba amechaguliwa kwa kukosa nyama?

Hapo ndipo alipojichongea. Komarock ya wakati huo, mtu wa kwenda ng'ambo hakuagwa kwa mkono mtupu. Kwa miezi miwili kila nyumba ilimwalika, na kila nyumba ilitaka kushinda ya jirani. Mtu akitoka mtaani na njaa, huko ugenini atasema nini juu yetu?

Bi Kibibi alifungua kwa biriani. Kisilu alionja vijiko viwili, akasukuma sahani.

"Kulikoni, mwanangu?" Bi Kibibi alishika kifua. "Chakula changu kibaya?"

"La, Bi Kibibi, ni kitamu sana, ila..."

"Ila nini? Au ndio umeshakuwa Mzungu?"

Ila nini? Angesema nini? Akala. Kesho yake ikawa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa watu wa kanisa, na ukikataa muthokoi wa akina mama wa kanisa huombewi. Naye angepandaje injini moja bila kuombewa? Akala. Keshokutwa Nzivo, pamoja na wivu wake wote, akachinja mbuzi.

"Shemeji, hata kama unaenda kufa," alisema akimwekea ubavu mzima, "utakufa ukijua ulikuwa na watu."

Kisilu aliguswa. Akala na machozi.

Mkewe, Mwelu, ndiye aliyeanza kuona. "Baba Koki, hiyo suruali mbona imekataa?"

"Imeruka maji. Sabuni za siku hizi mbaya."

"Imeruka maji kiunoni peke yake?"

Akaamua kukimbia. Alfajiri akawa anapiga mbio kando ya Kangundo Road, sweta mbili na kofia ya sufu, jasho likimtiririka. Mtaa ukaona fahari. Jamaa anajitayarisha kwa baridi ya Ulaya! Kila alipopita mlangoni mwa mtu alivutwa ndani kwa nguvu, akapewa chai ya maziwa na mandazi, arudishe nguvu. Siku za mwisho alijifungia ndani akanywa maji matupu, akalala akimwomba Mungu ampunguze.

Siku ya siku, basi la kanisa likajaa. Bi Kibibi huyu hapa na buibui lake la sikukuu, akina mama wa kanisa na ngoma zao, Nzivo na miwani ya jua. Walifika Wilson wakiimba. Kisilu alitangulia, suti mpya, ramani kwapani, akipunga mkono kwa watu ambao hawakuwa wakimtazama.

Kapteni Aloo alikuwa kando ya ndege na mizani ya mizigo. Alipima mikoba, akapima blanketi, akapima mpaka chupa ya chai. "Haya, Kisilu. Panda."

Kisilu akapanda. Mshale wa mizani ukapita sitini kwa salamu, ukasimama sabini na moja.

Kapteni akaipiga mizani teke. Sabini na moja.

"Ni koti, Kapteni!" Kisilu akavua koti. Akavua viatu, mkanda, saa. Akavua soksi. Kisha akaanza kupumua nje kwa nguvu, mashavu yakabonyea.

"Unafanya nini?"

"Natoa hewa, Kapteni. Nayo ni mzigo."

"Kisilu, nilikuchagua kwa sababu gani?"

Kisilu akainama kuokota soksi zake. 

"Sema!"

"Kwa sababu..." sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja kikombe, "kwa sababu nilikuwa mwembamba."

Nzivo alivua miwani. "Ngoja kidogo! Si ulisema walitafuta kichwa? Ama kichwa ndicho kimenenepa?"

Kicheko kilicholipuka hapo kiliwatoa mafundi ndani ya hanga. Lakini Bi Kibibi hakucheka. Alimjia karibu, akamtazama miguu mitupu juu ya lami.

"Mbona hukutuambia, mwanangu? Wallahi, tungekunyima! Mtaa mzima tungekunyima kwa mapenzi, mpaka upepo ukubebe bila ndege."

Hilo lilimuuma Kisilu kuliko kicheko chote. Ingekuwa neno moja tu, na sasa angekuwa amefunga mkanda.

Kapteni hakuwa na muda wa kubembelezana. Alifunga madebe ya mafuta kwenye kiti cha Kisilu, akasema pampu ataivuta mwenyewe, akawasha injini. Kindege kikakimbia, kikajirusha, kikapinda kuelekea Entebbe. Kisilu alikitazama mpaka kikaisha machoni, na alilia, tena wazi, mbele ya mkewe na kanisa zima.

Ndani ya basi hakuna aliyeimba. Mwelu alimshikia viatu. Walipokaribia Komarock, Bi Kibibi akageuka kutoka kiti cha mbele, uso umemjaa furaha ya mtu aliyekumbuka wajibu wake.

"Leo unakula kwangu."

"Bi Kibibi, tafadhali."

"Hakuna tafadhali. Mtu anayerudi kutoka safari haachwi na njaa."

"Safari gani?"

"Si uliondoka mtaani?"

"Niliondoka."

"Si unarudi?"

Kisilu akachukua viatu vyake mikononi mwa Mwelu, akaanza kuvaa.

"Basi! Na kesho utakula kwa Nzivo."