Mama Mkwe, Heroe na Bugaluu Yangu

Leo nimeaibika, jamani, na sijuti! Nawaona mnavyokonyezana kwa sababu nimerudi na kanga kiunoni. Konyezaneni tu. Ngoja niwaeleze mwenyewe kabla uzushi haujawafikia.

Si tumetoka Mkiwa pamoja kwa ajili ya posa yangu? Kesho wazazi wa Zainabu wanatoa jibu la mwisho. Sasa leo kutwa nzima nikae hapa nitazame ukuta? Nikasema naenda ziwani kuwaona heroe. Katibu wetu wa kijiji husema kutazama ndege ni kazi ya wazungu, yetu ni jembe. Jembe nimeshika msimu mzima, shamba langu na la ujamaa! Leo ndege.

Nikavaa bugaluu, ile suruali yangu ya miguu mipana. (Ndiyo, ileile katibu anayoiita kasumba.) Chini, raizoni zenye soli nene. Nani atakwenda kutazama ndege warembo vile akiwa amevaa kandambili?

Jamani, ziwa limejaa! Heroe wamesimama mpaka maji yamekuwa ya waridi. Ndege mwari, wale wa midomo mikubwa, wanatua puu, kama magunia ya mtama yanayoshushwa kwenye lori. Nikasogea. Wakasogea mbali. Nikasogea tena. Ile chumvi nyeupe ya ufukweni ukiiona utadhani ni sakafu. Si sakafu! Ni tope lililojifunika. Mguu wa kwanza ukazama mpaka gotini. Katika kuuokoa nikauzamisha wa pili, na huo ukaenda mpaka pajani. Bugaluu ikanywa tope, ikawa nzito, sitoki wala siingii.

Mara nikasikia mtu anakuja. Mwanamke na kikapu chake, amekuja kukwangua chumvi. Nikapunga mikono yote miwili.

"Shikamoo mama! Nisaidie!"

Akainua uso. Mama yake Zainabu!

Adabu yetu mnaijua. Ukikutana na mama mkwe unaacha njia, unajificha. Hamtazamani, hamsemezani. Sasa mimi niache njia niende wapi? Yeye akanipa mgongo haraka na kufunika uso kwa kiganja. Nikajua anaondoka, na posa inaondoka naye. Roho iliniuma kweli.

Hakuondoka. Akaanza kusema na heroe.

"Enyi ndege, mwambieni huyo aliyekwama aache kurusharusha miguu. Alale kifudifudi atambae."

Na mimi nikawajibu heroe: "Ndege, mwambieni mama suruali imenishika."

"Ndege, mwambieni aivue."

"Ndege, mwambieni mama haiwezekani!"

"Basi mwambieni abaki humo na suruali yake. Binti yangu nitamtafutia mwenye akili."

Nikavua. (Mngefanya nini, nyie mashujaa?)

Akaitoa kanga ya begani, akanirushia ncha moja nyuma bila kugeuka. Nikaishika, akavuta. Yule mama anawashinda ng'ombe wa plau! Nilichomoka kwa kishindo mpaka heroe wote wakaruka kwa pamoja, mbingu nzima ikawa ya waridi. Nimelala pale, tope masikioni, sina suruali wala raizoni, na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nacheka peke yangu. Nilipogeuka, mama alikwishakwenda na kuniachia kanga.

Sasa hivi Zainabu amenikuta hapo nje, anahema. "Mama anasema leo ziwani hakumwona mtu yeyote."

Nikashusha pumzi. Nimepona!

"Ila anauliza," akaendelea, "huyo mtu ambaye hakumwona, nani alimshonea chupi ya kitambaa cha pazia?"

Nimeshona mwenyewe! Duka la kijiji lina miezi halijaleta nguo, mlitaka nishone majani? Kesho tunakwenda kwa wakwe kama tulivyopanga, kwa hiyo mmoja wenu aniazime suruali. Na atakayecheka mbele ya wazee, namtuma ziwani akanichimbulie yangu.