Ngoma Ndani ya Kishikwambi

Jumanne, 8 Julai 2025
Mayala ameondoka. Mpiga ngoma wetu! Amesikia kuna rashi huko Geita, dhahabu inaokotwa juu juu, akabeba sururu na kwenda bila kuaga. Mashindano ni Jumamosi hapa Didia, sisi dhidi ya kundi la Manju Ndaki. Wachezaji wetu kumi na wawili wamemwambia mjomba Bujiku, manju wetu, mtunzi na mwimbishaji tangu sijazaliwa, kwamba pasipo ngoma watahamia kwa Ndaki. Wote. Mjomba alikaa akivitazama viganja vyake. Sikupenda kumwona vile.

Nikasema ngoma nitaileta mimi. Sijui nani alinituma. Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa pamba. Hata jogoo wa jirani naogopa kumfukuza. Mjomba akauliza nitaitoa wapi. Nikasema kwenye kishikwambi. Akasema, "Mpwa wangu, leo umekula?"

Jumatano, 9 Julai
Nimepakua programu tatu za kupiga ngoma. Kishikwambi ni cha ofisi, cha kusajilia wakulima. Naomba nisamehewe. Nimechora jedwali kwa rula, nikatoa alama kwa haki.

Ya kwanza: miraba kumi na sita, ukiugusa mmoja unawaka. Nadhifu mno. Sauti, lakini, ni ya kopo la maziwa lililoanguka. Nne.

Ya pili: sauti nzito, kikombe kilitembea juu ya meza. Kasoro: kila baada ya dakika tatu ngoma hukatika na mwanamke hutangaza mafuta ya nywele. Sita. Angekuwa na sauti mbaya ningempa tano.

Ya tatu: unarekodi ngoma yako mwenyewe, nayo inasahihisha kila pigo lililochelewa. Tisa. Kumi sikutoa, kwa tahadhari tu.

Nikiwa katikati ya majaribio akaingia mzee kujisajili. Ngoma ikalia yenyewe! Mzee akaanza kutikisa mabega kabla hajataja jina. Meneja, Bi Juliana, akachungulia mlangoni na kuuliza kama siku hizi pamba inachezwa kwanza ndipo ipimwe. Nilisema mfumo unajisasisha. Uongo wangu wa kwanza wiki hii. Wa pili, kusema kweli.

Alhamisi, 10 Julai
Nimekwenda kwa Mayala kurekodi. Mkewe, Paskalia, alinitolea ngoma aliyoiacha mumewe. Nilipiga kwa bidii. Alisikiliza kidogo, akauliza ngoma ile imenikosea nini.

Haidhuru. Programu imenyoosha yote. Hakuna pigo lililochelewa, hakuna lililowahi. Nimesikiliza mara arobaini. Anasikika mtu asiyechoka wala kuogopa. Nilijisikia mrefu.

Ijumaa, 11 Julai
Mazoezi. Mjomba alisimama katikati ya wimbo avute pumzi. Ngoma ikaendelea. Akasema niiambie isubiri. Nikamwomba yeye ndiye awahi. Nimemwambia manju awahi!

Chausiku, mchezaji wetu mkongwe, aliuliza kama ngoma hiyo italetewa ugali au itachajiwa. Wenzake walicheka. Mjomba hakucheka. Alisema Mayala humtazama miguuni. Kitu changu kinatazama wapi? Nikajibu kwamba ni mapigo mia na kumi na mawili kwa dakika. Akageuka akaenda zake. Nimechukulia kwamba amekubali.

Jumamosi, 12 Julai
Kawaida yetu ni kwamba makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Watu hukimbilia panapowavutia. Filimbi ikilia, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Nilikuwa nimeazima spika kubwa kwa fundi redio. Tulianza vizuri. Vizuri sana!

Kisha mjomba akafanya kile ambacho kila manju hufanya: akainua mkono, akasimama, amtukane Ndaki kwa wimbo. Hapo ngoma hushuka, ikamsubiri. Yangu haikushuka. Tusi lote likamezwa. Nusu ya wachezaji wakasimama, nusu wakaendelea, Chausiku akavaana na jirani yake wakaanguka wote. Nikabonyeza pa kuzimia. Vidole vilikuwa na jasho. Nikagusa pa kuongeza kasi. Mapigo mia na themanini!

Watu wakaja mbio. Uwanja mzima! Wauza barafu, akina mama na watoto mgongoni, wote kwetu, wakicheka hadi kushikana mabega. Filimbi. Mwamuzi akatangaza mzunguko wa kwanza ni wetu. Nikaruka juu kwa furaha. Niliruka peke yangu.

Mjomba alivua kilemba chake cha manyoya, akavuka uwanja polepole hadi kwa Ndaki. Nilikuwa nimefanikiwa kuizima, kwa hiyo kila mtu alisikia. Alisema hawezi kuchukua watu waliokuja kucheka. Ndaki akasema, "Bujiku, nimekutukana miaka ishirini. Leo huna ngoma. Nikikutukana leo nitakuwa natukana nani?" Akamwita mpiga ngoma wake, Masudi, akamwambia avuke upande wetu kwa mzunguko wa pili. Yeye atapigiwa na mwanafunzi wa Masudi.

Masudi hakutazama ngoma hata kidogo. Alitazama miguu ya mjomba. Mjomba aliposimama, alisimama. Mjomba alipovuta pumzi, nadhani naye alivuta. Tulishindwa kwa watu wachache. Wachezaji walikaa chini, wamelowa jasho, hakuna aliyetaja kuhama.

Jumapili, 13 Julai
Mjomba ameniita. Nimemsalimia shikamoo mara mbili kwa woga. Amesema Ndaki atatuazima Masudi msimu huu tu. Mwakani tusipokuwa na mpiga ngoma wetu, wachezaji wana ruhusa yake kwenda, naye atatundika kilemba. Amenichagua mimi. Kila Jumapili niende kwa Masudi, niketi, nijifunze kwa mikono yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nikaitikia kwa heshima zote.

Bahati nzuri sitahitaji kwenda. Jana Masudi akipiga, nilimrekodi tangu mwanzo hadi mwisho. Dakika arobaini na moja! Mchana huu nimepata programu ya nne, bora kuliko zote tatu. Masudi ni mpigaji mzuri, ila nimegundua kasoro yake: anasitasita. Kila mara anaacha kupiga, kama mtu anayesubiri kitu. Nimekata sehemu zote hizo, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa. Zimebaki dakika ishirini na tisa, na sasa ngoma inakwenda bila kusimama hata mara moja.